Kilowati Nane za Mzee Ensio

Wanaume wa Lammasvaara, kijiji cha kaskazini ya mbali, hawasemi kwamba wanasikia baridi. Watakwambia kumepoa kidogo. Watakwambia leo hewa ni safi. Maji yakiganda ndani ya ndoo jikoni, watakwambia ndoo ilikuwa karibu mno na mlango. Huo ndio ujinga wao na ndiyo fahari yao, na ukitaka kuvitenganisha utapoteza wakati wako bure. Mzee Ensio Moilanen ndiye aliyekuwa bingwa wao.

Raili, binti yake wa pekee, alilijua hilo tangu anavaa soksi za kufumwa na mama yake. Hata hivyo lilimponyoka siku ile ile alipotakiwa kulikumbuka.

Ilikuwa Septemba, majani yameshageuka manjano. Raili alikuwa ameendesha gari mwendo wa saa tatu kutoka mji wa Oulu, anakofanya kazi kwenye duka la dawa, aje kukutana na fundi Tarmo Kyllönen nyumbani kwa baba yake. Fundi alikuja kuangalia nyumba ili aseme ifungwe pampu ya joto ya ukubwa gani. Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Machi iliyopita Mzee Ensio aliteleza kwenye ngazi za banda la kuni, mikono imejaa magogo, akavunjika nyonga. Alilala hospitalini mpaka theluji yote ikayeyuka. Alipotoka, mama wa halmashauri anayeshughulikia wazee alisema waziwazi: mzee arudi kwake, sawa, lakini kabla ya baridi nyumba iwe inajipasha yenyewe, na asionekane tena amebeba kuni. Na boila la mafuta la kupashia nyumba, pale chini ya sakafu, lisihesabiwe, kwa sababu tangi lake lilikuwa limeoza kwa kutu. Mama huyo angekuja kukagua Novemba. Asiporidhika, mzee angehamia nyumba ya wazee mjini.

"Mkinipeleka kule, nipelekeni na jeneza langu kabisa," Mzee Ensio alimwambia binti yake. "Msije mkafanya safari mbili."

Raili alicheka, kisha akaingia chooni akalia. Alipotoka alimwahidi baba yake kwamba atamalizia umri wake katika nyumba yake mwenyewe. Aliahidi kwa moyo wote, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo.

Tarmo alipoingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua koti. Kila mtu wa huko anajua: ukikaa na koti ndani ya nyumba ya watu, umemwambia mwenye nyumba usoni kwamba kwake kuna baridi, na hayo ni matusi. Mzee Ensio, aliyekaa kwenye kiti chake karibu na jiko kubwa la matofali, alimtazama akilitundika koti msumarini. Ndipo akaachilia pumzi.

"Karibu kahawa," alisema. "Mkate upo, wa iliki. Raili kauleta kutoka mjini, lakini unalika."

"Unalika!" Raili alisema. "Si ndiyo asante hiyo. Ukisikia Baba kasema kitu kinalika, jua kimemkosha."

Nyumba ilikuwa na joto zuri siku hiyo, chini na juu. Tarmo alizunguka kila chumba, akagusa kuta, akagonga gonga, akapanda ngazi akaona chumba cha utotoni cha Raili chenye jiko lake dogo la kuni na bomba lake la moshi. Nje ya chumba hicho ulisimama mtambo wa kufumia wa marehemu mama yake, Lempi, mkubwa kama kitanda cha watu wawili, bado una uzi. Kote huko palikuwa pakavu na pa vuguvugu. Alishuka akiwa ameridhika kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe akakuta meno yote yapo.

"Sasa, mzee," alisema akikoroga kahawa, "hii pampu ni friji iliyogeuzwa nyuma mbele. Inanyonya joto nje, inaliingiza ndani, kwenye hizi hizi rejeta zako za ukutani."

"Joto la nje? Januari?" Mzee Ensio alimgeukia binti yake. "Litoke wapi, kwenye makalio ya dubu?"

"Hata huko lipo, mzee wangu, ni kulitafuta tu. Ila nisikudanganye: baridi ikizidi na yenyewe inachoka. Ndiyo maana ukubwa lazima tuupatie. Ukiweka ndogo, siku za baridi kali itakimbia usiku kucha bila kufika popote. Ukiweka kubwa kupita kiasi, nayo balaa. Inawaka inazima, inawaka inazima, mwisho inajiua yenyewe kabla ya wakati."

Maneno hayo yalimwingia Raili sawasawa. Maisha yake yote alikuwa akiwapimia watu dawa, na alishaona wangapi wanaodhani vidonge viwili vinaponya mara mbili. Kipimo ni kipimo. Alivuta kiti karibu na meza.

"Unajuaje saizi yake?" aliuliza.

"Kuna njia mbili. Ya kwanza nipime nyumba yenyewe: kuta, madirisha, dari, nijue inavuja joto kiasi gani. Hizi nyumba za baada ya vita walijaza vumbi la mbao ukutani kuhifadhi joto, na baada ya miaka yote hii vumbi limeshuka, huko juu huenda pako wazi. Ya pili ni ya mkato. Unaniambia nyumba imekula mafuta kiasi gani kwa mwaka, mimi nakwambia pampu gani."

Mzee Ensio akataja kiasi cha mafuta. Tarmo akaacha kukoroga.

"Ni hayo tu? Kwa nyumba nzima?"

"Ni hayo."

"Na kuni je?"

"Kuni?" Mzee Ensio alitazama dirishani. "Kidogo. Jioni moja moja, nikitaka kuona moto."

"Kule juu huwa unafunga wakati wa baridi?"

"Nifunge kwa nini? Nyumba ni yangu."

Tarmo alimtazama Raili, na Raili naye akatazama nje, kwenye banda la kuni. Lilikuwa limejaa mpaka juu, koivu tupu, ule mti wa gome jeupe, magogo yamepangwa sawasawa kama vitabu. Tangu azaliwe hajawahi kuliona banda hilo tupu. Kila alipokuja lilikuwa vile vile, limejaa. Mtu anayechoma kuni nyingi, alijiambia, banda lake lingepungua. Kwa hiyo alimwamini baba yake, na akamthibitishia fundi kwamba mzee asema kweli.

"Basi kwa mafuta hayo, kilowati nane zinatosha," Tarmo alisema, lakini alisema polepole, akijikuna kidevu. "Ila kusema haki, macho yangu yananiambia kumi na mbili. Nyumba hii ni kubwa. Nipeni wiki tatu hivi, nirudi na vifaa nipime vizuri."

"Na ikiwa kumi na mbili?" Raili aliuliza.

"Hapo fyuzi kuu ya nyumba haitoshi. Itabidi watu wa umeme waje wabadilishe, na foleni yao, ukibahatika, ni baada ya mwaka mpya."

"Baada ya mwaka mpya!" Raili alisema. "Mama wa halmashauri anakuja Novemba. Akikuta hakuna pampu, anamchukua."

Mzee Ensio alikuwa akikusanya punje za sukari mezani kwa ncha ya kidole, moja moja. Raili akauona mkono ule, mishipa imemtoka, na moyo ukamuuma. Akakata shauri pale pale.

"Weka nane," alisema. "Umesema mwenyewe kubwa mno ni balaa. Na hesabu ya mafuta si imetoka nane?"

"Imetoka nane."

"Basi."

Tarmo aliinua mabega. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mzembe; alikuwa na kazi nyingi na mbele yake walikaa watu wawili wenye uhakika. "Lakini jiko la kuni mliache tayari," alisema. "Ikifika baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, liwasheni, liisaidie."

"Sawa," alisema Mzee Ensio.

Neno hilo "sawa" lingepaswa kumshtua Raili. Baba yake alikuwa na "sawa" mbili: ya kukubali, ambayo aliitumia mara chache sana, na ya kufunga mdomo wa mtu ili baadaye afanye atakavyo. Mama yake aliweza kuzitofautisha akiwa chumba cha pili. Raili hakuweza, au siku hiyo hakutaka.

Pampu ikafungwa Oktoba. Boksi kubwa la kijivu likakaa nje ya ukuta wa jikoni, likinguruma taratibu, na Mzee Ensio akaliita Mkwe, kwa kuwa, alisema, limekuja kukaa kwangu, linakula umeme wangu, na halizungumzi. Raili alicheka mpaka akashika mbavu. Akafundishwa namna ya kuona kwenye simu yake joto la jikoni, kwa kuwa kipimajoto cha pampu kilifungwa ukutani humo. Akawa anaweza kukaa Oulu, nyuma ya kaunta yake, akajua baba yake ana nyuzi ngapi.

Kilibaki kitu kimoja, nacho kilimnyima usingizi. Kuni. Alimjua baba yake; maadamu kuni zipo bandani, ataziendea, na ngazi zile zile zina barafu ile ile. Kwa hiyo, bila kukumbuka neno la Tarmo juu ya jiko, akampigia Auvo, jirani wa ng'ambo ya ziwa, aje na trekta na tela azichukue zote.

Auvo alikuja na mkewe Irja. Alisimama mbele ya banda, kofia mkononi.

"Raili, una uhakika?" aliuliza. "Zote?"

"Zote, Auvo. Akianguka tena, ndiyo basi. Na fundi kamwekea pampu, ya nini tena?"

"Mzee mwenyewe anasemaje?"

Mzee Ensio alikuwa kwenye kibaraza, ameegemea mkongojo. "Chukueni," alisema. "Zimekauka vizuri. Za mwaka juzi ziko kushoto."

Irja alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akamwona mzee anamtazama, akaufunga. Huko watu hawaingilii nyumba za wenzao. Ni heshima nzuri sana mpaka siku inapoua mtu. Walipakia mpaka jioni, na kila tela lilipoondoka Mzee Ensio alilifuata kwa macho hadi kwenye kona. Hakuingia ndani mpaka la mwisho lilipotoweka. Raili alidhani anapunga hewa.

Novemba mama wa halmashauri akaja, akavua koti, akanywa kahawa, akashika rejeta kwa kiganja, akatazama banda tupu akafurahi. Mzee akaruhusiwa kubaki. Raili alipopata habari aliwanunulia wenzake dukani keki nzima.

Desemba ilikuwa ya upole, mvua na theluji zikibadilishana zamu. Kila jioni Raili alipiga simu.

"Joto lipo, Baba?"

"Lipo."

"Mkwe anafanya kazi?"

"Ananguruma huko. Anakusalimu."

Krismasi Mzee Ensio alikwenda kwa Raili, Oulu, akala samaki na nyama ya nguruwe, akakaa siku mbili akidai kurudi kwa Mkwe wake. Kisha Januari ikaingia, na baada ya Loppiainen, sikukuu ya tarehe sita, upepo ukageuka ukatokea mashariki. Anga ikawa safi kabisa, nyota zikashuka karibu, na baridi ikaanza kuteremka kila usiku zaidi ya jana. Ishirini. Ishirini na sita. Thelathini na moja. Raili alilala na simu chini ya mto. Alfajiri akafungua: jikoni kwa baba yake nyuzi ishirini.

"Mzee wako leo ana ngapi?" wenzake wakawa wanamuuliza dukani, maana alikuwa amewachosha na pampu yake.

"Ishirini!" anajibu. "Nje thelathini na moja chini ya sifuri, ndani ishirini. Na fundi alitaka kuniwekea ya kumi na mbili."

Alijisifu hivyo, maskini, mbele za watu.

Akampigia baba yake kumwambia kwamba Jumamosi atakuja amwone. "Vizuri," alisema Mzee Ensio. "Jumamosi. Nitajiandaa." Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, lakini akasema ni kifua tu, hewa ni safi mno.

Ijumaa asubuhi Raili alimpigia Irja, amwombe Auvo apitishe trekta kuondoa theluji uani ili kesho gari lipite.

"Tumeshajua unakuja," Irja alisema, sauti ya kucheka. "Karibu sana, mwenzangu. Auvo keshapitisha, ametoka huko sasa hivi."

"Baba kawaambia?"

"Aa, aseme yule? Tumeona moshi. Tangu jana moshi unatoka mabomba mawili. Tukiona mabomba mawili tunajua Raili anakuja."

Raili hakuelewa. "Kwa nini mabomba mawili?"

"Si la jikoni na la chumba chako juu. Siku zote anawasha siku mbili kabla hujaja, nyumba ipate moto. Ukishaondoka anafunga tena."

"Anafunga nini?"

"Raili. Usiniambie hujui. Tangu Lempi afariki anakaa jikoni peke yake. Sebule kafunga, juu kafunga, ametundika mazulia milangoni. Analala kwenye benchi ubavuni mwa jiko. Kila kipupwe anamaliza banda zima la kuni, na kila unapokaribia kuja Auvo anamsaidia kulijaza, maana mzee anasema haiwezekani binti yangu aje akute banda tupu kama la mlevi. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana..." Hakumaliza.

Raili alikuwa amesimama katikati ya rafu za dawa, na mteja mbele yake ameshika karatasi ya daktari. Aliiona hesabu yote kwa mara moja. Mafuta aliyotaja baba yake yalikuwa mafuta ya chumba kimoja, jikoni. Zile nyuzi ishirini alizojisifia zilikuwa za chumba hicho hicho, milango imefungwa. Na banda lililojaa halikuwa dalili ya kuni kutotumika, bali ya mzee anayeona haya.

"Irja," alisema. "Kuni mlichukua zote. Anachoma nini?"

Irja akasema, polepole, "Mimi nilidhani umemletea nyingine."

"Auvo amemwona?"

"Amemwona. Alitoka mlangoni na shati tu, anatoka jasho, anasema yuko sawa, ana kazi kidogo ya msumeno."

Raili alimwachia mwenzake mteja, akavuta koti, akatoka. Akiwa kwenye gari alimpigia baba yake. Simu iliita muda mrefu.

"Baba, nakuja."

"Kesho," alisema Mzee Ensio. Alikuwa akihema. "Ulisema Jumamosi."

"Nakuja sasa hivi. Nimeshatoka mjini."

"Sasa hivi?" Sauti ilimbadilika, na Raili akasikia ndani yake kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa baba yake: woga. "Hapana, mwanangu, barabara mbaya leo. Njoo kesho kama tulivyopanga. Huku juu bado hakujashika moto."

"Achana na huko juu! Baba, sikiliza. Kaa jikoni. Funga milango yote kama unavyofunga siku zote. Najua, Irja kaniambia, sijakasirika. Hakuna wa kukupeleka popote. Kaa chini tu unisubiri. Umenisikia?"

Kuambiwa kwamba siri yako inajulikana si jambo dogo kwa mtu wa Lammasvaara.

"Joto lipo," alisema mzee.

"Baba, tafadhali. Usifanye kitu chochote."

"Sawa," alisema.

Safari hii Raili aliitambua. Alijua ni "sawa" ipi, na hakuwa na la kufanya ila kukanyaga mafuta katikati ya misitu ile nyeupe. Alimpigia Irja papo hapo, lakini mtandao ulikatika misituni, na ni karibu na mwisho wa safari alipompata akamwomba waende kumtazama. Irja akasema trekta la Auvo limegoma kuwaka kwa baridi, lakini watakwenda kwa miguu kukatisha ziwa. Mwendo huo ni mrefu, na baridi ya ziwani siku kama ile inachoma mapafu. Raili alimpigia baba yake tena, na tena. Haikupokelewa.

Alipofika, jua lilikuwa limekaa juu ya miti kwa dakika zake chache za siku, jekundu, lisilopasha kitu. Pampu ilikuwa ikinguruma ukutani kwa nguvu zake zote, imevaa barafu nene, feni inapiga kelele. Moshi wa bomba la jikoni ulikuwa umekatika. Wa bomba la juu ulikuwa ungali unatoka, mwembamba.

Uzio wa mbao wa kuku uliokuwa uani haukuwepo tena. Mlango wa sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, ulikuwa wazi, na Raili alipopita alichungulia ndani akaona kuta tupu: benchi za sauna zilikuwa zimeng'olewa. Mtu wa huko atauza shamba kabla ya kuzigusa benchi za sauna yake. Hapo Raili akaanza kukimbia.

Jikoni pumzi yake ilitoa ukungu. Milango yote ilikuwa wazi kama nyumba inayongoja harusi, ya sebule, ya ngazini, mazulia yamekunjwa vizuri yakawekwa pembeni. Joto lote dogo la jikoni lilikuwa limeachiwa likapotee katika vyumba vile vikubwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili na sukari. Mkongojo uliegemezwa chini ya ngazi.

Mtambo wa kufumia wa mama yake haukuwepo. Mahali pake pale juu palibaki alama nne sakafuni, msumeno, na vumbi jipya la mbao. Uzi wa Lempi ulikuwa umekatwa kwa uangalifu ukaviringishwa ukawa donge, na donge likawekwa kwenye kizingiti cha dirisha.

Chumba chake kilikuwa na joto. Hilo ndilo lililompiga kwanza usoni, kabla macho hayajaona. Joto la haki, la nyumba ya watu, lile aliloamka nalo kila asubuhi utotoni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na juu yake blanketi nene la manyoya, lile ambalo mzee alijifunika mwenyewe kwenye benchi yake jikoni. Mzee Ensio alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, uso umeelekea jiko lile dogo, na mkononi ameshika mguu wa mtambo, tayari kuutia motoni. Alivaa shati lake jeupe la kupokelea wageni. Moyo wake ulikuwa umesimama. Raili alimshika shingoni na kwenye kifundo cha mkono, akamwita, akamlaza, akamkandamiza kifua kama alivyofundishwa kazini, akaendelea kumkandamiza hata baada ya kujua.

Irja na Auvo waliingia baadaye kidogo, nyusi nyeupe kwa barafu. Auvo alisimama mlangoni akavua kofia. Akatazama msumeno, akatazama alama nne sakafuni, akageuka akashuka. Wakamsikia kule chini akifunga milango, mmoja mmoja.

"Wamesema gari la wagonjwa litachelewa," Irja alisema. "Njia imejaa theluji." Akamshika Raili bega. "Angekuja tu kwetu aombe, Raili. Kuni zake zilikuwa kwetu, bandani kwetu. Hata magogo ishirini hatujagusa."

"Ningesikia kwamba ameomba," Raili alisema. "Ningesikia pampu haitoshi. Ningempeleka mjini." Alikuwa akisema bila machozi, kama anayesoma maelezo ya dawa. "Aliniogopa mimi, Irja. Siyo baridi."

Irja hakubisha, na Raili alimshukuru kwa hilo.

Ndipo alipogundua kwamba bado amevaa koti lake, lile refu la kazini, limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Alisimama. Akalifungua kifungo kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kisha akarudi akaketi sakafuni pembeni ya baba yake, mikono wazi.

Moto ukaisha kwenye jiko lile dogo. Nje ya ukuta Mkwe akawa ananguruma, ananguruma, na chumba kikaanza kupoa kutoka madirishani. Irja akaliteremsha koti msumarini akamletea.

"Vaa, mwanangu," alisema. "Utaugua."

"Hapana," Raili alisema. "Kuna joto."

Alikaa hivyo, meno yakimgongana, mpaka watu wa gari la wagonjwa walipopanda ngazi.